Kutoka Clipper hadi Harbour: tathmini ya mhasibu wa duka la vipuri

Harbour ni kompaila, yaani programu inayogeuza maagizo aliyoandika mtaalamu yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, na kazi yake mahususi ni kuipokea lugha ya Clipper ya enzi za MS-DOS na kuiwezesha kufanya kazi katika Windows, Linux na macOS za leo. Haiuzwi, na yeyote anaweza kuipakua bure. Ninaitathmini kama mhasibu, wala si kama mwandishi wa programu, kwa kuwa katika duka la jumla la vipuri vya magari ninakofanyia kazi hapa Mombasa tumeitumia tangu mwaka 2024 kuhamisha programu ya ankara, leja ya wateja na hesabu ya stoo iliyoandikwa mwaka 1993. Kwa mwenye shida kama yetu, sijaona chombo kinachoizidi. Ila haifanyi mengi ambayo watu hudhani inafanya, na sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu hayo.

Clipper yenyewe ilitolewa mwaka 1985 na kampuni ya Nantucket ya Marekani, ikawa njia ya kuchukua programu zilizoandikwa kwa lugha ya dBASE, mfumo wa kuhifadhi data wa enzi hizo, na kuzifanya zijitegemee, ziende kwa kasi na ziuzwe kwa wateja bila kulazimika kununua dBASE. Mwaka 1992 Computer Associates iliinunua Nantucket, na baada ya matoleo ya mfululizo wa 5.3 katika miaka ya 1990 bidhaa hiyo ikaachwa ikafifia. Mwaka 1999 wajitolea, wakianzishiwa kazi na Mhispania Antonio Linares, walianza kuandika kompaila mpya inayoelewa lugha ileile. Clipper ni jina la aina ya merikebu ya tanga iliyosifika kwa mbio, na Harbour maana yake bandari. Nadhani mtu aliyekulia Kilindini anaielewa nia yao bila kuelezwa.

Kilichotusukuma kuhama si tamaa ya mambo mapya. Programu za DOS ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa. Tuliponunua kompyuta mpya, programu yetu ilikataa hata kufunguka, basi tukabaki na mashine mbili za Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutunza mwezi Aprili 2014, na kila kipande kilipokufa fundi alikwenda kukitafuta katika kompyuta chakavu za watu wengine. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32 ambalo lingetusogeza mbele kidogo, lakini Windows 11 imekuja na biti 64 pekee, na kwa hiyo mlango huo nao ulikuwa unafungwa.

Hata hivyo, lililotufungua macho zaidi lilikuwa kodi. Tarehe 1 Aprili 2020 Serikali ya Kenya ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha asilimia 16. Marehemu aliyetuandikia programu alikuwa ameiandika 16 ndani kabisa ya msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu, mahali ambapo hakuna karani awezaye kufika, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuubadilisha na kuukompaili upya. Kwa miezi tisa karani wetu alikuwa akichapa ankara, akikata kwa kalamu mstari wa kodi, akipiga hesabu kwa kikokotoo na kuandika kiasi kipya pembeni na kutia sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipatanisha karatasi hizo kila mwisho wa mwezi kabla ya kujaza ritani, na sitaki kuurudia mwaka ule.

Kabla ya kuijua Harbour tulikuwa tumejaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiajiri kampuni, ambayo jina lake nalihifadhi, ituandikie mfumo mpya kabisa na kuhamishia humo data ya miaka yote. Mfumo ulikuwa na sura nzuri. Siku ya tatu baada ya kuuanza, mteja wetu wa siku nyingi mwenye gereji huko Kisauni alikuja kaunta akiwa na taarifa ya hesabu tuliyompelekea, iliyomdai ankara ya mwaka 2009, na mkononi ana risiti yake aliyoihifadhi muda wote huo. Wiki hiyohiyo wakaja wengine wanne. Tajiri alidhani tumeingiliwa na mwizi wa hesabu.

Sababu yake inafaa ielezwe kwa kirefu, kwa maana inamhusu kila mwenye faili za DBF, yaani zile ambamo dBASE na Clipper huhifadhi data. Katika faili hizo, rekodi ikifutwa haiondoki. Kila rekodi huanza na nafasi ya herufi moja iliyo tupu, na kufuta ni kuweka alama ya nyota katika nafasi hiyo. Maandishi mengine yote hubaki yalivyo, mpaka mtu aamuru faili isafishwe kwa amri ya PACK. Marehemu hakupenda PACK, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo faili nzima inaweza kuharibika, na umeme wetu tunaujua. Kwa hiyo leja yetu ilikuwa na nyota za zaidi ya miaka ishirini: ankara zilizoandikwa mara mbili kwa makosa, wateja waliosajiliwa kwa jina lisilo sahihi, madeni yaliyofutwa baada ya kubadilishana mali. Programu ya zamani ilizificha zote. Chombo cha kuhamishia data walichokitumia wale wataalamu hakikuziangalia nyota, kikazibeba rekodi zote, hai na zilizozikwa, na kuziweka katika mfumo mpya kama madeni halali. Tulirudi kwenye XP siku ya tisa.

Njia ya pili ilikuwa DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya kompyuta mpya. Katika meza moja ilifanya kazi vizuri, na kwa duka la mtu mmoja anayetaka tu kutazama hesabu za zamani ingetosha. Lakini DOSBox iliundwa kwa ajili ya michezo; haina uchapishaji wa kutegemewa, na watu wawili wakifungua faili moja kwa wakati mmoja hakuna wa kuhakikisha kwamba mmoja atamsubiri mwenzake. Sisi tuna kaunta mbili na stoo. Kuna vDos, iliyotengenezwa kwa ajili ya programu za biashara, nayo inachapisha na kuheshimu ufungaji wa rekodi. Tuliitumia kwa muda kama kivuko wakati kazi ya Harbour ikiendelea, na sina lawama nayo isipokuwa kwamba inaiendesha programu kama ilivyo, na kwa hiyo ile asilimia 16 ingebaki palepale.

Harbour inahitaji msimbo chanzo, yaani maagizo kama alivyoyaandika mwandishi kabla ya kukompailiwa. Hilo ndilo sharti lake la kwanza, na ndipo wengi watakapokwama. Wa kwetu ulikuwa katika disketi saba za inchi tatu na nusu, ndani ya sefu ya tajiri, pamoja na hati za kiwanja. Kijana tuliyempa kazi, ambaye alizaliwa baada ya programu yenyewe kuandikwa, alinunua kisomea disketi cha USB, akafanikiwa kuzisoma tano. Mbili zilikuwa zimeota ukungu. Faili zilizopotea alilazimika kuziandika upya kwa kutazama jinsi programu ya zamani inavyofanya kazi na kwa kuniuliza mimi maswali, mengine ambayo sikuwahi kujiuliza, kama vile kwa nini punguzo la asilimia tano linakatwa kabla ya kodi kwa wateja wa gereji na baada ya kodi kwa wateja wa matatu. Sikuwa na jibu. Ilibidi tumwulize tajiri, naye akasema ni makubaliano ya mdomo ya mwaka 1996 na mzee mmoja ambaye sasa hayuko tena barabarani.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu Harbour. Faili za disketi zile tano, zenye maelfu ya mistari iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 640, zilikompailiwa kwa marekebisho machache sana. Kijana aliziorodhesha, akaandika amri moja ya hbmk2, ambayo ni chombo cha ujenzi kinachokuja pamoja na Harbour, na baada ya muda mfupi skrini yetu ileile ya bluu ikatokea ndani ya dirisha la Windows 11. Inasoma DBF zilezile na indeksi zilezile za NTX, faili za kuharakisha utafutaji, bila kuzigeuza, na nyota za rekodi zilizofutwa inaziheshimu kama zamani, mradi amri ya SET DELETED ON ibaki mahali pake. Maktaba za nyongeza ambazo waandishi wa Clipper walikuwa wakizitumia sana zina wenzao ndani ya Harbour, ingawa kipande chochote kilichoandikwa kwa lugha ya mashine ya biti 16 na kuunganishwa kama faili ya OBJ hakitakubali. Tulikuwa na kimoja cha kufungulia droo ya pesa, tukakiacha.

Kasi yake inashangaza kidogo. Kujenga upya indeksi za stoo ilikuwa kazi ya kuianzisha halafu mtu akaenda kunywa chai ya tangawizi nje. Sasa haikupi nafasi hata ya kunyanyuka kitini.

Kasoro tulizokutana nazo zilikuwa za aina mbili: zinazoonekana papo hapo na zinazojificha. Iliyoonekana mara moja ilikuwa mistari ya fremu. Programu za DOS zilichora masanduku kwa herufi maalumu, na Windows ikizisoma kwa jedwali lake la herufi, mstari wa mlalo hugeuka kuwa safu ya Ä na mstari wa wima kuwa tatu ndogo zilizopandiana. Karani alidhani ni virusi. Dawa yake ni kuiambia Harbour jedwali la herufi la zamani ni lipi na kuchagua fonti inayofaa, kazi ya nusu saa kwa anayejua, na ya siku mbili kwa kijana wetu ambaye hakuwa akijua.

Iliyojificha ilikuwa ya tarehe. DBF huhifadhi mwaka kwa tarakimu nne, lakini makarani wetu wamezoea kuandika mbili, na Clipper, na Harbour kwa kuifuata, huchukulia kwamba 24 ni 1924 isipokuwa iambiwe vingine kwa amri ya SET EPOCH. Marehemu aliiweka amri hiyo mwaka 1999 katika faili ambayo ilikuwa mojawapo ya zile zilizopotea. Katika wiki ya majaribio nilichapisha ripoti ya umri wa madeni, nikaona ankara ya jana yake ikiwa imechelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 36,500, na riba ya kuchelewa imekwisha kupigwa. Nashukuru ilikuwa majaribio. Anayehamisha programu ya aina hii aitafute amri hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na akiikosa, aiandike.

Kuhusu uchapishaji, mtu asidanganyike kwamba jambo hilo ni dogo. Ankara zetu hutoka kwa printa ya pini juu ya karatasi ya nakala tatu: nyeupe ya mteja, ya waridi ya stoo, na ya manjano ambayo bawabu huipokea langoni kabla ya mzigo kutoka. Printa ya leza haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa haigongi karatasi. Programu ya zamani ilituma maandishi moja kwa moja kwenye LPT1, tundu la printa la kompyuta za zamani, pamoja na misimbo ya Epson, kama CHR(15) ya kubana herufi ili mstari mrefu uenee, na kompyuta mpya hazina tundu hilo. Epson bado inatengeneza printa za pini zenye USB, tukanunua LX-350. Mwanzoni tulielekeza LPT1 kwenye printa hiyo kwa amri ya NET USE, ikafanya kazi mpaka Windows ilipojisasisha na kusahau. Sasa programu inaandika ankara katika faili, kisha kitendakazi kimoja cha maktaba ya hbwin kinaituma faili hiyo kwa printa ikiwa mbichi, bila Windows kuigusa. Tangu hapo haijatusumbua, na bawabu amepata karatasi yake ya manjano.

Mtandao wa ndani ulitutaabisha kwa wiki mbili. Faili za DBF zilizowekwa kwenye folda ya pamoja husomwa na kuandikwa na kila kompyuta kivyake, na Windows za sasa hupenda kubaki na nakala ya muda ili kuharakisha mambo, jambo linaloweza kuiacha indeksi ikiwa na habari tofauti na faili. Tuliona kipuri kilekile kikiwa na idadi mbili katika kaunta mbili. Harbour ina jibu lake, linaloitwa NETIO, ambamo kompyuta moja inakuwa seva na nyingine zinaiomba data badala ya kugusa faili zenyewe. Jibu ni zuri, ila maelezo yake ni haba mno, na kijana alilisuka kwa kusoma msimbo wa Harbour wenyewe.

Uhaba huo wa maelezo ndio lawama yangu kubwa. Mwongozo uliopo unamchukulia msomaji kama mtu aliyewahi kuandika Clipper mwaka 1990 na sasa anataka kujua tu kilichobadilika, na majadiliano mengi yenye msaada yako katika Kihispania na Kireno, kwa kuwa huko ndiko lugha hii ilikobaki na wapenzi wengi. Toleo rasmi la 3.0.0 lilitoka mwaka 2011, na lile la 3.2 ambalo watu wanalitumia bado limeandikwa kuwa la maendelezo, yaani linaloendelea kutengenezwa, baada ya miaka yote hiyo. Halijawahi kutuangusha, lakini mkaguzi wetu wa hesabu aliponiuliza toleo gani tunalitumia na nikamwonyesha neno hilo, uso wake haukupendeza.

Makarani, kwa upande wao, hawakuhitaji kufundishwa chochote. F3 bado inatafuta kipuri kwa namba, F7 bado inafungua leja ya mteja, na yule mama wa kaunta ya kwanza, ambaye huandika ankara ya vitu kumi huku akizungumza na fundi na bila kutazama kibodi, aliendelea kuandika hivyohivyo tangu saa ya kwanza. Ile kampuni ilimpa puku na madirisha ya kubofya, na foleni ikafika barabarani. Sidhani kuna ripoti ya kitaalamu itakayonishawishi kwamba skrini ya bluu ya mwaka 1993 ni mbaya kuliko ile.

Tuliendesha mifumo miwili sambamba kwa mwezi mzima, kila ankara ikiingizwa mara mbili, na kila jioni nikilinganisha jumla za pande zote. Tofauti tatu zilijitokeza, zote za senti, kutokana na namna ya kukadiria desimali katika zile sehemu zilizoandikwa upya. Mwezi huo ulitugharimu saa za ziada za makarani wawili, na ni gharama ambayo ningeilipa tena bila kubishana.

Mambo ya kisasa tumeyaongeza baadaye, moja moja. Kiwango cha VAT kimetoka kwenye msimbo na kuwekwa katika jedwali lenye tarehe ya kuanza, ili bajeti ya Serikali isije ikatushika tena. Ankara zinapelekwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, na programu ndogo ya pembeni inayosoma faili ya mauzo, kwa kuwa Harbour inaweza kutengeneza na kusoma JSON, muundo wa kubadilishana data kati ya programu, na kuzungumza kwa intaneti kupitia maktaba ya curl. Kuhamia hifadhidata ya PostgreSQL kumo katika mipango, na maktaba ya kuunganisha ipo, lakini nimeomba lisubiri mpaka mwaka wa hesabu ufungwe.

Leseni yake ni GPL, leseni ya programu huria, yenye msamaha maalumu, na kwa sababu ya msamaha huo mtu halazimiki kutoa hadharani programu aliyoijenga nayo; tulilitaka hilo liwe wazi kabla ya kuanza, kwa sababu bei zetu za jumla zimo ndani ya msimbo. Fedha tulizotumia zote zilikwenda kwa kijana, kwa printa na kwa kisomea disketi. Aliyepoteza msimbo chanzo wote, au ambaye programu yake iliandikwa kwa FoxPro au kwa Turbo Pascal, Harbour si dawa yake; huyo aanze na vDos ili apate muda wa kupumua, na akija mtu wa kumhamishia data, amwulize kwanza kama anaijua ile nyota.